Pikipiki kwa anayeanza: cheni, breki na barabara za Tanga

Anayejifunza pikipiki Tanga kwa kawaida hufundishwa mambo mawili, kuachia klachi na kubadili gia. Jioni moja uwanjani, kesho yake yuko barabara ya Pongwe amepakia. Lakini si hayo mawili yanayomwangusha. Humwangusha cheni iliyolegea, tairi lisilo na upepo wa kutosha, na breki ya mbele aliyoambiwa asiiguse. Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi kutunza na kuendesha: kila sehemu ya pikipiki tunayoigusa hapa ni ile ambayo ikikuacha, inakuacha ukiwa kwenye mwendo.

Vipimo vyetu ni vya pikipiki za cc 100 hadi 150 zenye pistoni moja, za kupozwa kwa hewa, kama Boxer na TVS HLX. Kitabu cha pikipiki yako au kibandiko chake kikisema tofauti, fuata hicho.

Vifaa vya kuanzia si vingi: spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, spana ya plagi, bisibisi mbili (bapa na nyota), plaizi, geji ya upepo, rula, mswaki wa zamani, nusu lita ya mafuta ya taa, oili ya gia namba 90 na griisi kidogo. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu leo, nunua geji ya upepo.

Dakika tatu kabla ya kuwasha

Isimamishe kwa stendi kubwa mahali pa usawa. Anza na tairi, na upepo upimwe asubuhi kabla ya kutembea, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Mbele psi 25. Nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria au mzigo. Kubonyeza kwa kidole gumba hakusaidii: tairi la upepo 18 na la 28 ukiyabonyeza utayaona sawa. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kupata joto, na kwenye kona pikipiki huyumba kama inaelea. Tena chubu huanza kuteleza ndani ya rimu na kuvuta valvu. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama kuelekea kitovu cha gurudumu, toa upepo, iweke sawa, ujaze upya. Ukiiacha hivyo itakatika shingoni, na pancha ya aina hiyo haizibiki.

Pitisha bisibisi ukigonga spoku moja moja. Iliyokaza hulia sauti nyembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito. Kisha minya breki zote mbili, angalia kama taa ya nyuma inawaka kwa kila moja, jaribu indiketa na honi, na uangalie chini pikipiki ilipolala kama kuna tone la oili au mafuta. Mwisho geuza hendeli kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Ikikwama katikati au ikitoa mlio wa kugonga, beringi za shingo zimeanza kufa, na pikipiki hiyo isiende mbali zaidi ya kwa fundi.

Cheni

Hapa tunakaa zaidi, kwa sababu cheni ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote, na ikiruka kwenye meno inaweza kukaza gurudumu la nyuma ghafla ukiwa mwendo wa 60.

Zima injini, chomoa ufunguo, weka gia huru. Usiguse cheni injini ikiwaka hata kwa kitambaa, hata gurudumu likizunguka polepole kiasi gani. Kidole kikishikwa kati ya cheni na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) kinakatwa, na kitambaa ndicho kinachokivuta kuingia.

Tafuta katikati ya cheni ya chini, baina ya sproketi ya mbele na ya nyuma. Isukume juu kwa kidole, kisha ivute chini, upime kwa rula inatembea kiasi gani kwa jumla. Milimita 20 hadi 30 ndiyo sawa. Pikipiki zenye kava lililofunika cheni yote zina kizibo cha mpira cha kuchungulia, ng'oa hicho. Sasa zungusha gurudumu robo, upime tena, mpaka umepima sehemu nne. Utakuta mahali pamoja pamekaza kuliko kwingine, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Rekebisha kwa kufuata pale palipokaza. Wengi hufuata palipolegea, na matokeo yake cheni hukaza kupita kiasi kila inapofika ile sehemu ngumu. Abiria akikaa na shokapu zikibonyea, cheni hiyo haina pa kwenda, inavuta beringi ya sproketi ya mbele mpaka sili yake ianze kuvuja oili.

Kurekebisha kwenyewe ni hivi:

1. Legeza nati ya ekseli ya nyuma (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) bila kuitoa. Kama upande wa sproketi kuna nati nyingine kubwa inayoshika kitovu, legeza na hiyo, la sivyo gurudumu halitasogea.
2. Geuza nati za kurekebishia, ya kushoto na ya kulia, robo mzunguko kwa zamu. Usimalize upande mmoja kwanza.
3. Linganisha alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu kushoto na kulia. Kama kushoto umefika alama ya tatu, na kulia iwe ya tatu. Zikitofautiana gurudumu linakaa mshazari, na sproketi zinaanza kuliwa upande mmoja.
4. Kaza ekseli, halafu pima tena. Mara nyingi ule ukazaji wenyewe huvuta cheni milimita mbili tatu.
5. Rekebisha breki ya nyuma. Gurudumu limerudi nyuma, kwa hiyo breki imejikaza yenyewe. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, na ndiyo sababu ya magurudumu mengi ya nyuma kunuka moto siku ya kurekebisha cheni.

Kusafisha: mafuta ya taa na mswaki, futa kwa tambara, acha ikauke, kisha tone moja la oili namba 90 kwenye kila kiungo upande wa ndani wa cheni huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Subiri dakika kumi, futa inayotiririka. Fanya hivyo kila kilomita 500 na kila baada ya kunyeshewa. Ile oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiipake kwenye cheni. Ina unga wa chuma ndani yake, kwa hiyo inasaga viungo huku ukidhani unavilainisha.

Cheni imekwisha lini? Shika kiungo kimoja nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ukivute kuelekea nyuma. Kikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Tazama na meno: yakichongoka na kulala upande mmoja kama pezi la papa, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa haidumu. Unapofunga kiungo cha kuunganishia, klipu yake ina upande uliofunga na upande wenye mdomo. Uliofunga utangulie kule cheni inakoelekea. Ukiigeuza, jiwe moja dogo linatosha kuichomoa.

Breki

Nyingi za pikipiki hizi zina breki za ngoma mbele na nyuma, nyingine zina za diski mbele. Kwa ngoma, mchezo wa mkono wa breki ya mbele kabla breki haijaanza kushika usizidi milimita 10 hadi 15 kwenye ncha, na pedali ya nyuma milimita 20 hadi 30. Hurekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa kebo au fimbo ya breki. Baada ya kukaza zungusha gurudumu: linatakiwa lizunguke huru. Likisugua, shuu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) zitapata joto na kung'aa kama kioo, na shuu iliyong'aa haishiki. Baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Uvuguvugu ni sawa, ila joto la kukufanya urudishe mkono maana yake breki inasugua.

Kwenye ngoma kuna mshale mdogo na alama. Mshale ukipita alama breki ikiwa imeminywa, shuu zimekwisha, usiendelee kukaza nati. Unapofungua ngoma, usipulize ule unga kwa mdomo. Ufute kwa tambara lenye maji.

Kwa diski, tazama mafuta ya breki kwenye kikombe chake na utumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko tu. Mkono ukiwa laini kama unaminya sifongo, kuna hewa ndani. Hiyo mpelekee fundi aitoe.

Oili

Tumia 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Klachi ya pikipiki hizi inaoga ndani ya oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Ukiziweka, klachi huanza kuteleza: injini inalia, mwendo hauongezeki.

Pikipiki mpya ibadilishwe oili ya kwanza kati ya kilomita 500 na 750. Baada ya hapo kila kilomita 2,000, na kama inashinda barabarani na abiria, sisi tungesema 1,500. Washa dakika tatu oili ipate uvuguvugu, zima, fungua bolti ya chini kwa spana inayokaa barabara, acha idondoke dakika kumi. Itazame ikiwa kwenye beseni. Rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia. Chembe zinazometa ni chuma, na hapo kuna kitu kinasagika ndani. Rudisha bolti na wosha yake kwa vidole kwanza, kisha spana, bila nguvu za kupindukia. Kava ni la alumini, na uzi wake ukiliwa gharama yake ni kubwa kuliko oili ya mwaka mzima. Mimina mililita 800, pima kwa kijiti, ongeza kidogokidogo mpaka ifike kati ya alama mbili. Nyingi huchukua kama lita moja. Washa dakika mbili, zima, subiri itulie, pima tena.

Oili iliyotoka ijaze kwenye kidumu uipeleke gereji. Mitaro ya mjini inashuka baharini.

Vumbi na chumvi

Anayepita njia za mashamba ya mkonge ajue vumbi lake linajaa kwenye kichujio cha hewa haraka kuliko kitabu kinavyosema. Kama kichujio ni cha sifongo, kioshe kwa maji ya sabuni, kikauke kabisa, kitie oili kidogo, ukikamue kwa viganja bila kukisokota. Kama ni cha karatasi, kigonge kitoe vumbi, na kikishakuwa cheusi badilisha. Kisiguswe na petroli wala maji.

Plagi itakuambia mengine. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi makavu meusi, hewa ni ndogo au mafuta ni mengi, anza na kichujio. Nyeusi yenye unyevu wa oili, ringi za pistoni au sili za valvu za injini zimechoka. Nyeupe, injini inachemka. Nafasi kati ya ncha iwe milimita 0.7 hivi. Ianze kwa vidole ili usiharibu uzi wa kichwa cha injini.

Anayelaza pikipiki karibu na bahari, Raskazone au upande wa bandari, ana adui mwingine. Chumvi ya hewani hula spoku pale zinapoingia kwenye rimu, hula eksosi kwa chini na kuweka ukungu wa kijani kwenye vichwa vya betri. Ioshe kila wiki kwa maji yasiyo na chumvi, injini ikiwa imepoa, bila kuelekeza maji kwenye tundu la eksosi wala kwenye kichujio. Angalizo: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Onja. Ukiioshea maji hayo unaipaka kile unachotaka kukiondoa.

Kujifunza kuendesha

Leseni ni ya daraja A, na kabla yake kuna leseni ya kujifunzia. Mafunzo ya chuo kama VETA yana faida moja ambayo rafiki hawezi kukupa, nayo ni uwanja na muda wa kurudia. Vaa helmeti inayobana mashavu, mkanda ufungwe vidole viwili tu viingie chini ya kidevu. Viatu vya kufunika kifundo, suruali nzito. Kandambili huchomoka mguuni pale hasa unapotaka kukanyaga breki.

Siku ya kwanza usiwashe. Isukume ukitembea pembeni yake, ipinde kushoto na kulia, ujue uzito wake unapoanzia kukushinda. Kisha washa, weka gia ya kwanza (uliza kwanza mpangilio, kwa kuwa nyingine gia zote hukanyagwa mbele, nyingine moja hukanyagwa na zilizobaki hupandishwa), uachie klachi pole mpaka usikie injini inazama kidogo. Hapo ndipo klachi inaposhika. Simama hapo, minya tena. Rudia mara ishirini bila kusogea zaidi ya mita moja. Ukishaujua mkono wako, nenda moja kwa moja, halafu zungusha namba nane kati ya mawe mawili yaliyoachana mita nane. Macho yawe kule unakokwenda. Ukitazama jiwe utaligonga.

Halafu breki ya mbele, na hili tunaomba ulishike kuliko jingine lolote. Unapofunga breki uzito mwingi unahamia mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, ndiyo maana linaburuza kirahisi. Kwenye lami kavu sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele. Anayeanguka kwa breki ya mbele ameikamata ghafla, au ameikamata kwenye mchanga, au amekata kona. Iminye kama unakamua chungwa: anza taratibu, ongeza kadiri uzito unavyohamia, huku mguu ukigusa ya nyuma. Pikipiki iwe wima na hendeli imenyooka. Anza na mwendo wa 20, rudia mara kumi, panda hadi 30, kisha 40.

Sababu ya kukazania hili iko kwenye hesabu. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Mpaka uone, uamue na mkono uanze kuminya, sekunde moja imepita, na hizo mita 11 zimekwenda bure. Breki zote mbili zikifanya kazi vizuri kwenye lami kavu, utahitaji mita 10 nyingine hivi. Jumla 21. Kwa mwendo wa 60, zile za kwanza ni 17 na za kusimamia ni 23, jumla 40. Umeongeza nusu ya mwendo, umbali umekaribia mara mbili. Kwa breki ya nyuma peke yake, ongeza sana.

Barabara zenyewe

Ngamiani barabara za namba zimenyooka na kukatana kila baada ya mita chache. Kila njia panda ni mahali pa mtu kukutokea, na mara nyingi anayetokea ni baiskeli, haina mlio wala taa. Kaa 30, vidole viwili juu ya mkono wa breki, na usipite chombo kingine ukiwa unakaribia njia panda.

Reli ivuke kwa pembe mraba. Ikikatiza barabara mshazari, pinda kwanza kidogo ili gurudumu liikate wima, maana chuma kilicholowa hakina mshiko kabisa. Usifunge breki ukiwa juu yake.

Kwenye mchanga wa njia za vijijini upande wa Pangani, punguza mwendo kabla hujaingia, sogea nyuma kwenye siti, shika hendeli bila kuibana, vuta mafuta ya kutosha kwa mkono injini isife. Hendeli itacheza. Iache icheze. Breki ya mbele hapo ndipo pa kuisahau.

Mvua za masika na vuli zina dakika zake mbaya, zile kumi au kumi na tano za mwanzo, maji yanapochanganyika na oili na vumbi kabla hayajaosha lami. Ukiweza, simama kibandani uzisubiri. Ukivuka dimbwi lililofika kwenye vitovu, ngoma zimelowa. Endelea polepole ukigusa breki kidogokidogo mpaka uzisikie zinashika tena.

Malori ya saruji upande wa Pongwe yasikupite yakakushangaza. Yanapokupita upepo hukusukuma kwanza pembeni kisha hukuvuta kuelekea kwao. Usikae ubavuni mwa lori: kama huoni kioo chake, dereva hakuoni. Na kwenye miteremko, ya kwenda Lushoto au ya kutoka Amani, shuka na gia ya pili. Kuweka fri ili kuokoa mafuta kunaziachia ngoma kazi yote, na ngoma zikishachemka mkono unafika kwenye hendeli breki haijashika.

Ukianza kubeba abiria

Subiri angalau mwezi mmoja wa kuendesha peke yako, na abiria ni mmoja. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hubadilisha mahali uzito ulipo, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na breki uliyojifunza haipo tena. Jaza upepo wa nyuma 32 na upime cheni naye akiwa amekaa.

Kabla hajapanda mwonyeshe eksosi iko upande gani, inaunguza shavu la mguu kwa kugusa mara moja. Akishakaa, geuka utazame chini. Kanga, baibui, mtandio, mkanda wa begi, chochote kinachoning'inia karibu na gurudumu la nyuma au cheni kikusanywe na kukaliwa. Mwambie, "Dada, kusanya baibui lako ulikalie kwanza," na usiachie klachi mpaka umeona kwa macho yako kwamba limekaliwa.